Mtu Hupimwa kwa Historia Yake: Tuliyopitia Dodoma Tukimuuguza Mdogo Wangu

Ukikulia Dodoma, jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, unalijua kabla hujajua lolote kuhusu ugonjwa wa akili. Watoto wakizozana shuleni wanatupiana jina hilo, na watu wazima nao hawako nyuma: mtu akipandisha sauti kwenye kikao cha mtaa, utasikia mwingine akisema apelekwe Mirembe. Hospitali yenyewe ipo tangu 1927 na imetibu vizazi na vizazi kutoka nchi nzima. Lakini kwetu sisi tulioiona kwa nje, ugonjwa wa akili ulikuwa na sura moja tu, ya mtu aliyevaa matambara anayeongea peke yake barabarani. Asiyefanana na huyo tuliamini haumwi. Ana mawazo, amerogwa, ni mvivu, analewa, ana kiburi.

Imani hiyo ilimchelewesha mdogo wangu kupata tiba inayomfaa kwa zaidi ya mwaka, na ikala pesa ambazo mama alizitolea jasho kwenye zabibu. Naandika haya kwa idhini yake. Amesoma kila aya, na mahali alipoona nimepunguza makali alinirudisha: "Hapo dada umenihurumia, niliwasumbua kuliko hivyo." Nimeandika upya kama alivyotaka. Jina lake silitaji, na hospitali na zahanati tulizopita sizitaji pia.

Ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, kazi zake zimejaa Nkuhungu na Kizota. Kiangazi kimoja bosi wake akanipigia simu. Hakulalamika, alikuwa na wasiwasi tu. "Dada, huyu kijana siku hizi anashika chuma anakitazama, basi." Nilienda chumbani kwake jioni ile. Ndoo ilikuwa kavu, simu imezimwa, sufuria ya ugali ina ukungu. Yeye amelala amegeukia ukuta na viatu vya kazi miguuni. Nilipomuuliza anaumwa nini alisema kichwa kinawaka moto na mwili ni mzito. Usingizi unakatika saa nane usiku na haurudi mpaka kunakucha.

Hakutamka neno huzuni hata mara moja. Mzingatie sana hilo, kwa sababu kwetu ni wachache wanaokwenda hospitali wakasema "nina huzuni". Wanasema kichwa, kifua kinabana, tumbo linawaka, mgongo, nguvu zimeisha. Na mhudumu anapima alichoambiwa. Tulipima malaria, tukapima taifodi, tukapima mkojo. Kila mahali tuliondoka na mfuko wa vidonge, na kila mfuko ulilipiwa. Vipimo havikuwa na ubaya wowote, mwili lazima uangaliwe kwanza, nitaeleza baadaye kwa nini. Ubaya ni kwamba majibu yalipokuwa safi hakuna aliyeuliza swali la pili.

Aliyeliuliza alikuwa daktari wa zahanati moja binafsi. Alimuuliza kama bado anafurahia kitu chochote, kama anakula, kama anajiona hana thamani, na hali hiyo ina muda gani. Kisha akatuambia ni sonona. Siku mbaya kila mtu anazo, alisema, na mtu aliyefiwa analia. Sonona inafikiriwa pale huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kunapodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, chakula kutopita, umakini kupotea, kujilaumu na hata kutamani kufa. Akamwandikia amitriptilini ya kumeza usiku.

Alichokiona daktari yule alikiona sawasawa. Kilichotuponza ni ambacho hakikuulizwa: kama mgonjwa amewahi kuwa na kipindi cha kinyume chake. Alikuwa nacho. Mwaka uliotangulia, wakati wa mavuno ya zabibu ya Machi, alifanya kazi usiku na mchana shambani kwa mama, Mpunguzi, akalala saa mbili au tatu tu na kuamka hana uchovu. Alikopa pesa kwa watu, akapanga kununua lori la kupeleka zabibu Dar es Salaam, akawaahidi ajira vijana wa kijiji kizima. Nyumbani kipindi kile kilikumbukwa kwa sifa. Mama alipenda kusema, "Mwaka ule mwanangu alikuwa amechangamka kweli." Nani angefikiria kumweleza daktari habari njema?

Sasa najua kwa nini swali lile lina uzito. Mtu mwenye ugonjwa wa baipola huwa na vipindi vya kushuka vinavyofanana kabisa na sonona, na vipindi vya kupanda vinavyoitwa mania. Ukimpa dawa ya sonona peke yake, bila dawa ya kutuliza mawimbi ya hisia, unaweza kumrusha juu. Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya wiki kadhaa za vidonge tulishangilia: ameoga, anakula, anacheka. Wiki iliyofuata hakulala kabisa.

Niliyoyaona siku zile sikuyajua kwa jina. Usiku wa manane alikuwa nje ya nyumba anachomelea geti ambalo hakuna mteja aliyeliagiza, cheche zinaruka, majirani wanagonga. Aliongea na mimi, na muuza chipsi, na mtu kwenye simu, wote kwa wakati mmoja, na kila sentensi ilizaa nyingine kabla haijaisha. Aliuza mashine yake ya kuchomelea kwa bei ya kutupa ili alipe kianzio cha kiwanja Ihumwa, maana alikuwa na hakika kwamba serikali itampa kandarasi ya vyuma vyote vya mji. Ukimpinga, macho yanabadilika na maneno yanakuwa makali mno kwa kijana ambaye hajawahi kunijibu vibaya. Halafu akaanza kusema Mungu anaongea naye sikioni.

Hapo ndipo ukoo ulipoingia. Mjomba alisema amerogwa na mafundi wenzake. Tukampeleka kwa mganga nje ya mji. Mbuzi wawili, kuku, na shilingi laki nne taslimu, achilia mbali nauli za watu waliomsindikiza. Alichanjwa chale, akafukizwa moshi chini ya blanketi mpaka akakohoa damu, akafungwa mguu kwenye mti asikimbie. Siku niliyokwenda kumwona alikuwa amekonda na midomo imepasuka kwa kiu. Bado anaongea bila kupumua, ila sasa sauti imekauka. Nililia njia nzima ya kurudi mjini.

Tulimtoa pale kwa bajaji na mwenyekiti wa mtaa na vijana watatu, usiku, kwa sababu mchana aliogopa watu. Mama hakutaka afungwe kwa kamba. Alimfunga mikono kwa kitenge chake mwenyewe, akakaa pembeni yake akimsemesha Kigogo mpaka hospitali. Nawaambia wenye mgonjwa wa namna hii: mkihitaji kumdhibiti asijiumize, wawepo watu wachache anaowaamini, waseme kwa sauti ya chini, wasimzingire, na asipigwe. Mwenyekiti wa mtaa anasaidia kuliko mnavyodhani, maana barua yake na uwepo wake huondoa maswali mengi njiani.

Wodini alichomwa sindano ya haloperido, na usiku ule kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alilala. Tukapumua. Kesho yake jioni nikiwa namlisha uji, shingo yake ikaanza kujipinda upande wa kulia, polepole, kama inavutwa na mtu. Macho yakapanda juu yakabaki meupe. Ulimi ukatoka nje na taya ikakaza, uji ukamwagika kifuani. Mjomba alisimama akasema kwa sauti ya wodi nzima kusikia: "Mnaona? Pepo halitaki dawa za hospitali."

Muuguzi wa zamu alikuja bila haraka wala hofu, akamchoma promethazini. Katika muda usiofika saa moja shingo ilirudi na mdogo wangu akaomba maji. Kisha muuguzi akatukalisha mimi na mjomba. Haloperido inazuia kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, akasema, na kwa baadhi ya watu, hasa vijana wa kiume, siku za mwanzo misuli ya shingo, macho na ulimi hukaza namna ile. Inatisha na inauma, lakini inatibika haraka, na kuna kidonge kiitwacho benzeksoli ambacho hutolewa kuizuia. Hakuna aliyekuwa ametuambia kabla. Nimefikiria mara nyingi: lingetokea tukiwa nyumbani, tungemrudisha kwenye ule mti na hospitali tusingeikanyaga tena. Kwa hiyo sasa kila dawa mpya nauliza mbele ya mwandikaji: siku za kwanza inaweza kumfanya nini, nikiona hivyo nifanye nini, na ni dalili ipi inanitaka nije usiku huohuo?

Muuguzi huyohuyo ndiye aliyetufungulia macho. Siku iliyofuata alimwita mama akiwa na karatasi na kalamu, akamuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Mtoto wako alianza lini kubadilika mara ya kwanza kabisa maishani? Kabla ya hii ya sasa, kuna wakati alilala kidogo na hakuchoka? Aliwahi kutumia pesa isivyo kawaida yake? Vipindi hivyo vilidumu siku ngapi, na katikati alikuwa vipi? Anavuta bangi, anakunywa? Kwenye ukoo kuna mtu wa hivyo? Mama akasimulia habari ya zabibu na lori huku akitabasamu. Muuguzi akaacha kuandika, akamtazama, akasema, "Mama, hii ndiyo tulikuwa tunaitafuta." Ikajulikana pia kwamba shangazi yake mama, marehemu, alikuwa na miaka ya kuimba usiku kucha na miaka ya kutotoka ndani. Baipola hufuata damu kwa kiasi kikubwa, ingawa si kila mwenye ndugu mgonjwa ataumwa.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayosema "hii ni baipola" au "hii ni sonona". Vipimo vya maabara vinafanyika kuondoa mengine. Ugonjwa wenyewe unatambuliwa kwa historia: nini kilianza, lini, kikadumu kwa muda gani, kikafuatiwa na nini. Baadaye nilisoma kwamba Mjerumani Emil Kraepelin, aliyetenganisha makundi mawili makubwa ya magonjwa haya mwaka 1899, aliyatenganisha kwa kufuatilia wagonjwa kwa miaka. Siku mgonjwa alipopandwa, walionekana kufanana. Ni mwendo wa miaka uliowatofautisha: wapo waliopanda, wakashuka, wakarudi katika hali yao, na wapo ambao akili ilizidi kutawanyika. Ndani ya kundi la kwanza ndimo ilimo tunayoiita leo baipola, la pili likaja kuitwa skizofrenia. Na hiyo historia ya miaka daktari hana. Tunayo sisi tunaoishi na mgonjwa, mara nyingi bila kujua kwamba tunayo.

Miezi iliyofuata tulikuwa watu wa kliniki, na kliniki ina mabenchi, na kwenye mabenchi watu wanazungumza. Mengi ninayoyajua kuhusu aina za magonjwa ya akili niliyaokota hapo, kisha nikamuuliza muuguzi kama ni kweli.

Kulikuwa na binti mwanafunzi wa chuo. Alikuwa amepimwa moyo sehemu tatu tofauti, na kila mara moyo mzima. Ghafla, hata akiwa kwenye daladala, mapigo yanakwenda mbio, pumzi inakata, mikono inakufa ganzi, anaona anakufa, na baada ya dakika kadhaa yanapita. Halafu akaanza kuogopa daladala, kisha darasa, kisha kutoka chumbani. Hilo ni shambulio la hofu, moja ya magonjwa ya wasiwasi, ambayo kwa idadi ndiyo kundi kubwa kuliko yote duniani. Wengine wa kundi hilo hawapati mashambulio. Wanahangaika na kila kitu kwa miezi, watoto, ada, mvua, afya, mpaka mabega yanauma na usingizi hauji. Wengine wanaogopa macho ya watu kiasi cha kukataa kazi. Ni wagonjwa ambao mtaani hakuna anayewaona, maana wanavaa vizuri na wanaongea vizuri. Binti yule alitibiwa zaidi kwa mazungumzo na mwanasaikolojia na mazoezi ya kurudi kidogokidogo mahali anapopaogopa. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa amekuja na daladala peke yake.

Mama mmoja kutoka vijijini alikuja na mwanaye wa kiume ambaye polepole, kwa karibu mwaka, alijitenga, akaacha kuoga, akaacha marafiki, kisha akaanza kuamini redio inamsema yeye na majirani wanamwekea sumu. Anajibu sauti tusizozisikia. Hiyo ilikuwa skizofrenia. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 300 anayo. Mjomba alipomsikia akaniambia, "Basi na wa kwetu ni huyohuyo, si naye alisikia sauti?" Nikampeleka kwa muuguzi apate jibu. Kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo kunaitwa saikosisi, na ni kama homa: inakuambia kuna ugonjwa, haikuambii ni upi. Inaweza kuja na skizofrenia, na mania, na sonona kali, na bangi au pombe, hata na malaria iliyopanda kichwani. Mdogo wangu alisikia sauti alipokuwa juu tu. Hisia zilipotulia sauti zilikwisha. Kijana wa mama yule alizisikia hata siku ambazo hakuwa na furaha wala huzuni.

Na hapa ndipo mwili unapokuja kwanza. Mtu aliyekuwa mzima asubuhi akachanganyikiwa jioni, ana homa, hajui yuko wapi, fahamu zinakuja na kupotea, huyo akimbizwe hospitali kama mgonjwa wa dharura wa mwili. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, kuacha pombe ghafla, vyote huleta hali hiyo na vyote vinaua. Kwa wazee hata maambukizi ya mkojo yanatosha.

Yupo baba aliyenigusa kuliko wote. Alikuja na mkewe na kichanga. Mama yule alijifungua salama, na kabla wiki mbili hazijaisha akaacha kulala, akaanza kusema mtoto si wake, amebadilishwa. Wakwe walitaka arudishwe kwao kwa madai kwamba ana laana. Baba alikataa, akambeba mpaka hospitali. Saikosisi ya baada ya kujifungua ni nadra, lakini ni ya dharura, kwa mama na kwa mtoto pia: mama asiachwe peke yake na kichanga hata dakika moja mpaka atibiwe. Wengi hupona vizuri. Sonona ya baada ya kujifungua ni ya kawaida zaidi na haina kelele. Mama ananyamaza, analia bafuni, anaona hafai kuwa mama. Kwa kuwa mtoto ananyonya na nyumba imejaa wageni, hakuna anayemuuliza yeye.

Niliwaona wengine wengi. Dereva aliyenusurika ajali ambaye miezi mingi baadaye bado anairudia kila akifumba macho, na hapandi gari: kiwewe. Kijana anayenawa mikono mpaka ngozi inachubuka akijua kabisa kwamba ni safi, ila wazo halimwachi. Mzee anayesahau njia ya msikiti aliouswalia maisha yake yote. Walevi na watumiaji wa dawa za kulevya ambao wengi wao, ukiwasikiliza, walianza kwa kutafuta usingizi au kuzima hofu, kwa hiyo wana magonjwa mawili na yote yanataka tiba. Watoto wenye usonji, ambao walizaliwa hivyo na hawakuambukizwa wala kuharibiwa na malezi. Wenye kifafa nao walikuwa kwenye benchi letu, ingawa kifafa ni ugonjwa wa ubongo na mfumo wa fahamu. Wamekaa pamoja nasi kwa sababu dawa na wataalamu ni walewale, na unyanyapaa pia ni uleule.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Nikihesabu nyumba za mtaa wetu kwa kipimo hicho, najua ni wengi kiasi gani wanaokaa kimya.

Mdogo wangu aliandikiwa karbamazepini. Jirani mmoja alipoona boksi akasema, "Hii si dawa ya kifafa? Wamekosea hao," na mama akataka kuiacha. Hawakukosea. Dawa hiyo, na valproeti pia, hutumika kwa kifafa na kutuliza hisia za baipola vilevile. Ipo nyingine, lithiamu, ambayo daktari wa Australia, John Cade, aliandika mwaka 1949 kwamba inatuliza mania. Ni nzuri sana, ila inahitaji kupima damu mara kwa mara kwa sababu ikizidi kidogo ni sumu. Karbamazepini nayo ina jambo la kuangalia: ukitoka upele mwilini au vidonda mdomoni, unaenda hospitali siku ileile. Na mwenye binti au mke wa umri wa kuzaa anayepewa valproeti amuulize daktari kuhusu mimba, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni vibaya.

Kipindi kigumu kuliko mania kilikuja baadaye, na ndicho watu hawakisimulii. Alipotulia aliona alichofanya. Mashine imeuzwa, kianzio cha kiwanja kimepotea, wadai wanapiga hodi, mtaa mzima una jina jipya la kumwita. Akashuka tena, kimyakimya. Siku ya kliniki muuguzi alituuliza kitu ambacho kilinishtua: "Nyumbani mna dawa za shamba?" Mama ana zabibu, na dawa za kupulizia zilikuwa uvunguni mwa kitanda, kwenye chumba alicholala mdogo wangu. Muuguzi akamgeukia yeye na kumuuliza wazi, kwa upole, kama amefikiria kujiua. Akasema ndiyo.

Niliogopa kwamba swali lenyewe lingempa wazo. Muuguzi akanieleza kwamba kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, kunampa mlango wa kulisema. Jioni ile dawa za shamba zilihamia kwa jirani zikafungiwa, vidonge vyake nikavitunza mimi na kumpa kwa siku, na tukapanga zamu ya kulala naye. Kama una mgonjwa nyumbani na wewe ni mkulima, fanya hivyo leo, usisubiri akuambie. Na akikuambia anataka kufa usimkemee wala kumwambia anamkosea Mungu. Mwambie asante kwa kuniambia, kaa naye, kisha mpeleke hospitali.

Kuhusu dini niseme ninavyoona. Mama ni Mwanglikana wa kanisani kila Jumapili, na maombi ndiyo yaliyomshikilia. Wakina mama wa kanisa walileta unga na kukaa naye wodini. Lakini walipotokea watu wa maombi ya mkesha wakasema aache dawa aonyeshe imani, mama mwenyewe aliwakatalia. Anayekuombea huku unameza dawa zako mpokee. Anayetaka ufunge kula, ufungwe kamba au uache dawa, mwondoe mapema, awe mganga, mchungaji au shehe.

Pesa. Pesa nyingi ziliishia kwa mganga, kwenye mifuko ya vidonge vya taifodi na kwenye madeni ya mania. Tiba yenyewe haikutumaliza hivyo, ila nauli, chakula cha wodini, na siku ambazo dirisha la dawa halina dawa yake tukalazimika kununua nje. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla hamjauza kitu, maana msamaha wa gharama upo ila lazima uombwe. Nunueni dawa za akiba za wiki mbili mkipata nafasi, kwa sababu kukatika dawa ndiko kulikomrudisha wodini mara ya pili. Na si lazima kuanzia Mirembe: hospitali ya rufaa ya mkoa ina huduma za afya ya akili, na wilayani anzeni na hospitali ya wilaya, muombe rufaa ikihitajika. Nendeni na daftari lenye mambo manne: alianza lini, analala kwa saa ngapi kila usiku, pesa na kazi zimebadilikaje, na dawa zote alizowahi kumeza pamoja na zilivyomfanya. Daftari letu ni la kawaida la shule. Daktari mpya analisoma kwa dakika chache na anajua ambacho zamani kilihitaji mwaka kujulikana.

Sasa amerudi karakana. Bosi alimpokea kwa masharti ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeyapendekeza, na tuliyaandika sote watatu. Hafanyi kazi za usiku hata mteja akilipa mara mbili, kwa sababu kukosa usingizi ndiko kunakomwamshia ugonjwa. Malipo makubwa yanapita kwenye simu yangu kwanza, na hanunui wala hauzi kitu kikubwa mpaka zipite siku saba tangu apate wazo. Akilala chini ya saa nne usiku mbili mfululizo, mimi au bosi tunampigia muuguzi wa kliniki, bila kusubiri idhini yake ya siku hiyo, maana idhini ameshaitoa akiwa mzima na sahihi yake iko chini ya ukurasa. Mjomba naye alisaini kama shahidi, na mwezi uliopita yeye ndiye aliyemsindikiza kliniki.